Mate ya Baba na Meli Isiyoingia

Jumatatu, 6 Julai 2020

Mombasa imefunguliwa! Redio ya Mama Swabra, mwenye nyumba wetu hapa Chaani, imesema kuanzia kesho mtu ana ruhusa kutoka na kuingia. Ploti nzima vigelegele. Wakamba wenzangu wanafunga mizigo. Mimi sifungi. Barabara ikifunguliwa, bahari nayo itafunguliwa. Meli za watalii ziko njiani. Niliishia darasa la sita na nimeliona hilo.

Dada yangu Winfred amepiga kutoka Mutomo. Baba hali tena, ila uji kidogo. Anataka kunitemea mate kifuani kabla hajafa, kama mzee wa kwetu anavyombariki mwanawe wa kwanza. Kaka, panda basi kesho, akasema. Nikajibu nitakuja meli moja ikishaingia nikauza vinyago, siwezi kumwendea mzee mikono mitupu. Winfred akasema baba hakuomba mikono, ameomba kifua.

Jumanne, 7 Julai

Nimevuka daraja la Makupa kwa miguu hadi lango la bandari kuulizia meli. Mlinzi ni Mzee Mwidani, mtu wa Likoni, mpole sana. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za kwetu, za kazi, za afya, za mvua. Nikauliza: meli ya watalii lini? Akatazama maji, akasema karibuni, inshallah.

Karibuni! Nimerudi nusu nikikimbia.

Tinga amecheka mpaka akakohoa, na siku hizi mtu akikohoa watu hukimbia. Huyu Tinga ni mwenzangu karakanani. Tunapiga vinyago msasa na kuvipaka kiwi ya viatu, mti mweupe unageuka mpingo. Meli ikiingia tunaviuza nje ya lango, na kila mara tunagombania kivuli kilichopo pale, kimoja tu. Ameniambia eti sisi wa bara hatujui kusikia. Mzee wa watu ameona haya kukwambia hapana, ndiyo maana akakupa inshallah. Nenda kwa babako, we bwana.

Nimemjua! Anataka kivuli changu.

Jumatano, 8 Julai

Wazo kubwa. Mtalii ataogopa kinyago kilichoshikwashikwa. Basi, mvishe twiga barakoa! Nimechana shati langu zuri, lile la kwendea nyumbani. Kamba hazikushika masikio ya twiga. Nikatumia gundi, kwa twiga, kwa tembo, kwa wote.

Bi Dorcas, mwenye karakana, ameingia akauliza tangu lini tembo wa mti anavuta pumzi. Akaamuru nibandue. Gundi ikaondoka na kiwi. Sasa tuna rafu nzima ya wanyama weusi wenye pua nyeupe. Mpingo gani huo, akauliza Tinga, una ugonjwa wa ngozi?

Bi Dorcas amesema nisionekane karakanani mpaka meli iingie. Vyema. Itaingia.

Ijumaa, 10 Julai

Winfred tena. Baba anauliza nimefika wapi. Anadhani niko kwenye basi.

Kichwa changu kikafanya kazi. Watoto wanasomeshwa kwa simu. Waumini wanaombewa kwa simu. Baraka nayo itakwama wapi? Nikamwambia Winfred amwekee mzee simu mdomoni. Hakutaka. Nikambembeleza.

Nikasimama uani, nikafungua vifungo, nikatia sauti ya juu, nikaibana simu kifuani. Mama Swabra akaacha kufua. Nikasikia pumzi ya baba, nzito, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Nikasikia jina langu. Si Kioko. Lile la utotoni, ambalo yeye peke yake huniita. Kisha akatema. Kwa mgonjwa, alitema kwa nguvu! Simu ikakatika papo hapo.

Wapangaji wakapiga makofi. Mama Swabra akafuta macho kwa leso.

Nimebarikiwa. Sasa hakuna haraka.

Jumapili, 12 Julai

Winfred hapatikani. Atakuwa hana chaji. Kungekuwa na baya angepiga.

Leo meli imeingia! Nikashika twiga mwenye pua nyeupe, yule niliyeondoka naye karakanani, nikakimbia, nikasimama kivulini peke yangu. Ilikuwa ya ngano. Mabaharia hawaruhusiwi kushuka. Mmoja alinipungia mkono kutoka juu. Nikamwinulia twiga. Tukapungiana hivyo hivyo mpaka askari akanifukuza.

Jumatano, 15 Julai

Mutinda wa chumba cha tatu amerudi kutoka kwetu. Alisimama mlangoni, hakukaa.

Simu ya Winfred ilikufa Ijumaa ile. Mate yaliingia ndani. Waliianika juani, wakaifukia kwenye mchele, wapi. Namba yangu ilikuwa humo.

Baba alifariki Jumamosi alfajiri. Wamemzika Jumatatu. Serikali inaruhusu waombolezaji kumi na tano tu, na chifu alikuwepo akihesabu. Walisimama kumi na wanne. Majirani waliomba mmoja wao aingie. Winfred alikataa. Alisema kaka yuko njiani.

Tinga amekuja na chai. Hakutania. Amesema pole ndugu yangu, nenda ukamwone mama, kivuli nitakulindia wallahi.

Ijumaa, 17 Julai

Winfred amepiga kwa simu ya jirani, namba yangu amepewa na Mutinda. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mama anashinda mlangoni akitazama barabara. Hataki chochote, anataka kunishika tu. Nikasema nakuja leo.

Nikafunga mfuko. Nikafika stendi. Nikapanda basi, nikakaa dirishani. Akapita muuza barakoa. Tukazungumza. Binamu yake ni mpishi kwenye meli ya watalii, na juzi ameambiwa anoe visu. Mpishi haambiwi anoe visu bure!

Nikashuka.

Huenda ni mwezi ujao, au ule wa pili. Nimemwambia Winfred amweleze mama vizuri, asimtie wasiwasi. Nitakwenda, na sitakwenda mikono mitupu. Mama si kama baba. Mama bado ana nguvu. Mama atangoja.