Malalamiko Kuhusu Mgongo wa Kamera Usiojua Kusimama

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti Kuramochi,
Klabu ya Picha ya Mtaa wa Teramachi, Tsuyama.

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yako bado yanaelewana na ngazi za klabu. Mimi, Chigusa Munakata, mwanachama pekee mwenye magoti yasiyolia, nakuandikia kukulalamikia wewe kwako wewe, kwa kuwa katiba yetu haikumweka mtu mwingine juu yako. Ningeyasema haya kikaoni, lakini kikaoni huwa nakunywa chai na kunyamaza, kisha narudi nyumbani na hotuba nzuri sana kichwani. Hotuba yenyewe ndiyo hii.

Jambo ni picha ya mazishi ya bibi yangu, Fumino. Bibi yu hai. Juzi tu alimshinda fundi bomba kwa maneno. Lakini anataka picha yake itakayowekwa mazishini iwe tayari, na ana sababu. Kila asubuhi anamwekea marehemu babu wali mbele ya picha, na babu huyo ni kichwa kilichokatwa kwenye picha ya safari ya chemchemi za maji moto, kikapachikwa juu ya suti ya mtu mwingine. Mashavu na macho ni ya pombe, tai ni ya benki. "Mimi sitaki kuvalishwa na wasionijua," bibi husema. Ndiyo maana nilikuomba wewe, uliyewapiga picha nusu ya marehemu wa mtaa huu wangali hai.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamera ya klabu ina migongo ya kubadilisha, yaani vile visanduku vinavyobandikwa nyuma na kubeba filamu. Mmoja ni wa filamu ya 120, iliyofungwa pamoja na karatasi yake. Hutoa picha kumi na mbili, kisha mgongo hujifunga, hata uulilie. Mwingine ni wa filamu ya 220, ndefu mara mbili, na huo hausimami mpaka ishirini na nne. Filamu ya 220 haiuzwi tena, kwa hiyo migongo yake imebaki katika droo kama wagane kwenye karamu ya harusi. Wewe ulitia filamu ya 120 ndani ya mgongo wa 220. Wewe! Mtu anayeitambua filamu kwa kuipima kiganjani! Mtu aliyenikaripia mbele ya watu kwa kosa hilohilo: "Binti, hata kandambili zina kushoto na kulia!"

2. Picha kumi na mbili za kwanza zilitoka. Heri zisingetoka. Bibi amekaa kama aliyeitwa na ofisi ya kodi, midomo imebanwa, mikono imeshikana kana kwamba mmoja unataka kutoroka. Alizitazama akasema, "Ukiweka hii kwenye mazishi yangu, watu watageuka mlangoni na bahasha zao za rambirambi."

3. Baada ya picha ya kumi na mbili ulimwinamia, ukamnong'oneza neno. Nilidhani unarekebisha kidevu. Hapo bibi akawa mtu mwingine. Aliegemea kiti. Akakusimulia jinsi babu alivyotaka kumringia kwa baiskeli mpya akaishia katikati ya shamba la mpunga. Akatoa meno ya bandia ili aigize vizuri sauti ya babu akiomba msaada. Akacheka mpaka akashika mbavu. Nawe ukapiga, ukazungusha, ukapiga, mpaka ishirini na nne. Mimi nilikuwa nimeshika ubao mweupe wa kurudisha mwanga, mikono imekufa ganzi, nikisema moyoni: ndiyo hii, sasa anaweza kufa wakati wowote apendao.

Filamu niliisafisha mwenyewe bafuni. Ilifika ya kumi na mbili ikaisha, kama ngazi iliyokatwa. Kicheko chote cha bibi ulikipiga juu ya hewa. Nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea nikalia. Baadaye nilichagua hasira, kwa kuwa mtu akiwa na hasira angalau anaweza kuandika.

4. Kikaoni ulisema tu, "Nimekosea. Ni uzee," ukaomba biskuti za mchele. Bwana Orikasa, mweka hazina, akadakia: "Ungesema umeipiga picha roho yake, Mwenyekiti, tungekupa tuzo!" Mkacheka wote. Nami nikacheka, jambo ambalo sijajisamehe. Uzee si sababu. Bibi amekuzidi umri na hajawahi kuvaa soksi za mtu mwingine.

5. Kwa hayo yote, naomba klabu iamue kama ifuatavyo. Migongo ya 120 na ya 220 itengwe kwa pazia, kama wanaume na wanawake kwenye bafu la mtaa, na atakayekutwa upande usio wake atolewe nje hata akiwa na povu. Kama pazia halitatosha, migongo yote ya 220 ipelekwe hekaluni ikasomewe sala za mwisho, kama tunavyowafanyia wanasesere wazee na sindano zilizovunjika. Migongo hiyo nayo imefanya kazi yake, ipumzike. Wewe uongoze msafara, ukiwa umevaa nyeusi. Ukirudi, ujiuzulu. Mwisho, na hili silegezi: picha yako ya mazishi ipigwe kwa mgongo uleule, bila filamu, na siku ikifika fremu tupu iwekwe katikati ya maua, watu wakiinamie kioo.

Sina kinyongo. Nasubiri majibu kwa maandishi. Msalimie Bwana Orikasa na utani wake, msalimie mama wa duka la tofu hapo chini, na yule paka anayelala juu ya mashine ya kukuzia picha.

Wako kwa heshima yote iliyosalia,
Chigusa Munakata

Nyongeza. Nilimsomea bibi barua hii ili agonge muhuri wake kama mdhulumiwa. Amekataa. Alicheka kicheko kilekile, akataka nirudie pale pa povu, kisha akasema, "We mtoto, shule yote ile na bado huoni? Aliniambia, 'Bi Fumino, filamu imekwisha, ila mimi sijamaliza kutazama. Niendelee?' Nikamwambia, endelea."

Nimerudi kwenye lalamiko langu la kwanza nikalisoma upya, polepole. Mgongo wa 120 ungekusimamisha kwenye picha ya kumi na mbili.

Naomba basi pazia lisitundikwe na hekalu lisisumbuliwe. Bibi anakukaribisha tambi za soba Jumapili mchana. Uje na mgongo uleule. Filamu, anasema, si lazima. Mimi nimeagizwa kwenda sokoni na kutokuwa na haraka. Na ile picha ya mazishi nayo, anasema, haina haraka.