Mikorosho ya Marehemu Alfredi Yakosa Mwenyewe

Mheshimiwa Diwani uliyetuma salamu badala ya kuja, Ndugu Petro, Mtendaji wa Kijiji cha hapa Mnyambe, mashehe wetu, makatekista wetu, wazee maarufu na wazee wasio maarufu, walimu, wafanyabiashara binafsi mnaonunua korosho kwa baraka za soko huria, akina mama wa vigelegele, na wewe Mama Priska ambaye mkutano huu umekufuata mpaka uani kwako: shikamooni wote mnaostahili, na nyinyi mliobaki, marahaba kwa shikamoo mtakayonipa. (Kicheko.)

Mimi ni Cuthbert, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Mali Zisizo na Mwenyewe, na nimeshuka kwenye gari la mizigo kutoka Newala mjini nikiwa na vumbi mwilini lakini maono kichwani, kuwaambia kwamba katika enzi hizi za mageuzi, ubinafsishaji na menejimenti ya kisasa, mali ya mtu aliyefariki bila mrithi haiwezi kuachwa ikae tu kama yatima, bali lazima iingizwe kwenye programu, ifanyiwe tathmini na kupewa ufuatiliaji endelevu. (Makofi ya mtu mmoja.)

Takwimu hazidanganyi. Mpaka leo asubuhi tumeorodhesha mali zote zisizo na mwenyewe katika tarafa nzima, na asilimia mia moja ya mali hizo ni shamba hili moja la mikorosho sitini na miwili, pamoja na nyumba ya bati na kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua, vilivyoachwa na Mzee Alfredi, aliyefariki miaka mitatu iliyopita bila mke na bila mtoto. (Sauti: "Ana mpwa!")

Nimeisikia hiyo sauti. Lakini fomu yetu, iliyobuniwa kwa utaalamu wa hali ya juu na mimi mwenyewe, ina nafasi ya mke, nafasi ya mtoto wa kiume, nafasi ya mtoto wa kike kama karatasi itatosha, na nafasi ya muhuri. Nafasi ya mpwa haimo. Kule nilikozaliwa mimi, mjomba ni mtu wa kukuchinjia mbuzi ukienda kumsalimu, basi, shamba hakuachii. (Minong'ono. Mzee Bwanali anasimama: "Mwanangu, kwetu mtoto wa dada ndiye mtoto. Huyu Dominika, Mama Priska, kazaliwa na dada yake Alfredi, na mjomba wake alimkabidhi shamba hili mbele yetu sote.")

Shikamoo mzee wangu. Huo ni mchango mzito, tutaupeleka kwenye semina. Lakini tangazo tulilibandika siku tisini, ndani ya kabati la ofisini ambamo mvua haiwezi kulifikia, na hakuna mdai hata mmoja aliyejitokeza.

Tena kuna ushahidi wa kisayansi. Nimelizunguka shamba kwa miguu yangu nikakuta mikorosho imepuliziwa salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, matawi makavu yamekatwa na chini ya kila mti pamefagiliwa, jambo linalothibitisha kwamba mali isiyo na mwenyewe, ikipata mradi wenye mwelekeo, hujihudumia yenyewe. (Mama Priska: "Salfa niliipuliza mimi, Bwana Mratibu, kifua kikaniuma wiki nzima. Korosho zimeanza kudondoka. Nataka kujua, nitaokota au sitaokota?")

Swali zuri sana, mama, zuri kiasi kwamba linastahili kujibiwa msimu ujao. (Miguno.) Miguno hiyo siipendi, mimi nimezoea makofi. Tuchangamke kwa kaulimbiu. Mali isiyo na mwenyewe! Mnaitikia, "Ni ya mradi." Mali isiyo na mwenyewe! (Watu: "Hapa haipo!")

Basi nimalizie kwa shukrani, maana mimi si mtu wa kula na kuondoka. Nakushukuru Mama Priska kwa ugali wa muhogo, na kwa maji ya kuoga, ndoo nzima, hapa Newala ambako ndoo ya maji ni heshima kubwa. Nakushukuru pia kwa jambo ambalo hukuambiwa. Nyumba ya mjomba wako niliipiga picha nikaipeleka kwa wafadhili kama makao makuu yetu, kisima kama miundombinu yetu, mikorosho kama mafanikio yetu, na wewe, ukiwa na mashine ya salfa mgongoni, kama watumishi wetu kumi na wawili. Maana mradi wenyewe, ndugu wananchi, haujawahi kuwa na ofisi, wala faili, wala mtu zaidi ya mimi na muhuri huu niliochongewa na fundi wa vinyago. Sasa wafadhili wamefurahi mno, wanakuja Alhamisi kuuona, na mimi naogopa. Kwa hiyo nakuomba, mama, uniazime shamba hili kwa siku moja tu.

(Mama Priska: "Unaliazima kwa nani, Bwana Mratibu?")

Kwako, mama.

(Mama Priska: "Mimi ni nani?")

Mwenyewe.

(Vigelegele. Mzee Bwanali anamwambia Mtendaji aandike neno hilo kwenye muhtasari. Mtendaji anaandika. Mama Priska: "Haya. Alhamisi naokota korosho. Njoo na kikapu.")

Nawashukuru kwa usikivu wenu. Nitakuja na kikapu.