Mheshimiwa Azindua Bahari pale Kiuyu

(Hotuba ya Mheshimiwa Bakar Talib, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Likizo za Pwani kwa Wasafiri Wenye Ugumu wa Kutembea, aliyoitoa Kiuyu, kisiwani Pemba, asubuhi ya Jumamosi, maji yakiwa yamejaa.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe, kwa kuwa yule tuliyemwalika amepata udhuru na aliyemtuma amwakilishe naye amepata udhuru. Mheshimiwa Sheha wa hapa na masheha wenzako mliotoka Mgogoni na kwengineko. Shehe wetu uliyetufungulia kwa dua fupi, ingawa ratiba ilikupa nafasi ya dua ndefu. Walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani. Wazee wa barza. Akina mama wa vikundi vya mwani na akina mama msio na vikundi. Vyombo vya habari, yaani Bwana Fahmi na simu yake. Wageni wetu watukufu mliovuka bahari kwa ajili ya mradi huu, Bi Mwatum na binti yako Time kutoka Tanga. Mabibi na mabwana, asiyetajwa ajihesabu ametajwa na aliyetajwa asijione: assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Watu wanaitikia. Bi Mwatum, aliye mstari wa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, ananyanyua mkono: "Mwanangu, maji ndiyo haya yamejaa. N'tieni kwanza, kisha mseme nyote mtakavyo.")

Nimekupokea, mama, na nimekuweka kwenye mengineyo. Ndugu wananchi, kwa vijana msiomjua, Bi Mwatum ni mzaliwa wa hapa hapa, amechokoa pweza kwenye mwamba ule tangu usichana wake, akaolewa Tanga, kisha miguu ikamgomea, na tangu hapo bahari ya kwao anaisikia tu kwa watu. Na aliposikia tangazo letu redioni kwamba leo kila msafiri asiyeweza kutembea ataingizwa baharini kwa utaalamu wa kisasa, akamwambia binti yake afunge mizigo, wakapanda boti, na kesho boti hiyo hiyo inawarudisha. Kwa hiyo akioga ni leo, na asipooga ni basi tena. Huyu, kwa lugha ya kitaalamu, tunamwita benifishari.

(Makofi. Bi Mwatum anamuuliza binti yake kama hilo ni tusi.)

Tulianza kwa kutengeneza rodimapu, yaani ramani ya njia, kabla ya kuwa na njia yenyewe, kwa sababu wataalamu wanatufundisha kwamba msafiri wa aina hii hapangiwi ufukwe peke yake, anapangiwa mnyororo mzima, boti, gari, kitanda, choo, kisha ndipo bahari. Na mimi, kwa unyenyekevu mkubwa ambao wajumbe wenzangu wanaufahamu na wameutia kwenye kumbukumbu za vikao, nimeukagua mnyororo huo kwa macho yangu mwenyewe, kutoka bandarini Mkoani mpaka hapa, bila kushuka kwenye gari. Bandarini tumewapa wachukuzi semina ya kumhudumia msafiri kwa staha.

("Jana walinibeba mgongoni kama gunia la karafuu," anasema Bi Mwatum. "Mmoja akasema bora gunia, halisemi." Watu wanacheka.)

Hayo ndiyo matunda ya semina, maana zamani wangekubeba bila kukuzungumzisha. Ama malazi, nyumba moja ya wageni imetutengea chumba maalumu chenye hadhi, na kwa kuwa tumekusudia mgeni wetu apate mandhari, chumba hicho kipo ghorofa ya pili, na ngazi zake zote zimepakwa rangi ya buluu ili ajue kwamba zimepakwa kwa ajili yake; na kuhusu choo, ambapo tulikuta mlango ni mwembamba kuliko kiti, kamati ilikaa, ikakaa tena, na ikaazimia kwamba kiti kisubiri nje.

("Na mwenye kiti?" anauliza Time.)

Swali zuri sana, linaonesha mwamko, nalo nitaliundia kamati ndogo. Niende kwenye takwimu, kwa sababu mimi si mtu wa maneno matupu. Mwaka jana, kabla sijateuliwa, idadi ya wasafiri wenye ugumu wa kutembea waliokuja kupumzika kwenye ufukwe huu ilikuwa sifuri. Leo, chini ya uongozi wangu, yupo mmoja, na nimewauliza wachumi ongezeko la kutoka sifuri kwenda mmoja ni asilimia ngapi, wakaniambia kwamba hesabu hiyo haina mwisho. Nasema tena, haina mwisho. Kuna viongozi wengine wanajisifu kwa asilimia saba.

(Makofi machache. Mzee Mabruki, mwenye shamba lililopakana na pwani, anasimama: "Mheshimiwa, yashaanza kutoka. Tazama pale kwenye jiwe, palipokuwa na maji sasa pana majani.")

Kaa kitako, mzee wangu, nakuja huko huko kwenye majani. Ndugu zangu, nimeelezwa tabia ya bahari ya hapa, kwamba ikitoka hutoka kweli, haiagi, inakwenda mpaka mwambani, na nyuma yake linabaki tope ambalo kiti cha magurudumu kikiingia hakitoki mpaka maji yarudi. Lakini naomba ieleweke kwamba ratiba hii ilipitishwa kwa saa za ofisi, barua zilipelekwa kwa stekholda, yaani wadau, wote kwa wakati, tukaomba maoni, na kama bahari haikuleta maoni yake kwenye kikao, si haki leo kuja kuyatoa mbele ya wageni.

Sasa nifike kwenye moyo wa mradi, nao ndio huu mnaouona mkono wangu wa kulia, pale tulipofunga utepe. Mnaona sakafu ya saruji, laini, pana, inayoteremka taratibu kutoka uwanjani mpaka kwenye mchanga. Hiyo, mabibi na mabwana, ni rampu, ya kwanza ya aina yake, yenye mteremko ambao nchi nyingi zilizoendelea zingeutamani.

("Ile sakafu yangu ya kuanikia karafuu," anasema Mzee Mabruki. "Niliimwaga mie na marehemu ndugu yangu. Hizo juu yake ni karafuu zangu, na chini ya karafuu ni majamvi yangu." Watu wanacheka mpaka Sheha anaangalia chini.)

Mzee Mabruki, hujui ulichokijenga, na ndiyo maana serikali ina wataalamu, ili mtu akijenga sakafu aambiwe kwamba amejenga rampu. Karafuu zako zitaheshimiwa. Utaratibu ni kwamba namaliza hotuba, nakata utepe, zinaondolewa karafuu, anapita mgeni. Mpaka hapo hakuna anayeruhusiwa kupita, wala kunyanyuka, kwa sababu Bwana Fahmi anachukua picha jongefu na mtu akinyanyuka ataonekana anasusa.

(Hakuna anayenyanyuka. Bi Mwatum anaiangalia bahari na haangalii pengine. "Ishatoka mpaka kwenye kamba za mwani," anamwambia binti yake. "Kidogo tena nitaiona kwa mbali kama niko Tanga." Time anaangalia utepe, anamwangalia Mheshimiwa, anainamisha kichwa.)

Ahsanteni kwa utulivu. Nina kurasa chache zilizobaki kuhusu falsafa yangu. Nilipokuwa mdogo kule Tibirinzi, niliota kwamba siku moja nitasimama mbele ya watu, na...

("Mvua," anasema Mzee Mabruki, akiwa ameangalia juu, kwenye mbingu nyeupe isiyo na wingu. "Mvua jamani, karafuu." Watu wote wananyanyuka kwa pamoja, viti vinaanguka, akina mama wa mwani wanakimbia, masheha wanakimbia, Shehe ameshika kanzu yake mkononi anakimbia.)

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi, mimi ni mtoto wa Pemba, naijua sheria hii ambayo haikuandikwa na mtu, kwamba ikisemwa mvua, kila aliye karibu huanua karafuu, ziwe zake, za jirani au za asiyesemezana naye, na hakuna hotuba, harusi wala ugomvi unaomzuia; na ingawa mimi kwa upande wangu sioni wingu, siwezi kuagiza watu waache karafuu zirowe, kwa sababu hiyo haitakuwa siasa, itakuwa wazimu. Anueni. Lakini utepe msi... naam, umekatika. Naona umekatwa kwa goti la Shehe. Basi nautangaza kuwa umekatwa rasmi.

(Majamvi yanakunjwa, sakafu inabaki tupu. Mzee Mabruki anasema, "Hebu lete kiti hicho haraka, huku kuna nafasi." Time anasukuma, vijana wawili wa Kiuyu wanashika mbele, na kiti kinateremka sakafuni mpaka mchangani, hapo kinanyanyuliwa, mwenyewe akiwa ndani yake, na kuvushwa juu ya tope, watu wote wakifuata nyuma. Uwanjani wanabaki Sheha na Fahmi.)

Sheha, wewe nakuona, ahsante. Bwana Fahmi, endelea kuchukua, lakini nigeukie mimi, bahari ikae nyuma. Kama mnavyoshuhudia, utekelezaji umetangulia mbele ya ratiba, jambo ambalo ni nadra katika miradi ya ukubwa huu. Nini kinaendelea huko? Sheha anasema wamemtoa kwenye kiti. Sheha anasema amekaa ndani ya maji, yanamfika kifuani, Time amemshika kwapani. Anasema mama analia. Hapana, anasahihisha, anacheka, anamrushia Mzee Mabruki maji usoni na kumwambia hiyo ndiyo mvua yake. Naomba iandikwe kwamba benifishari ameridhika.

(Kelele na vicheko kutoka majini.)

Kwa kuwa muda hautoshi, nifunge kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Bahari bila kikwazo", nyinyi mtajibu "Kwa wote". Bahari bila kikwazo. ("Kwa wote," anasema Sheha.) Siwasikii vizuri. Bahari bila kikwazo. ("Kwa wote," anasema Sheha tena, na Fahmi anamsaidia.) Likizo ni haki. ("Hiyo hukutufundisha, Mheshimiwa," anasema Sheha.)

Na sasa shukrani, maana asiyeshukuru watu hakulelewa vyema. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutawaandikia barua mara tu tutakapojua ni akina nani. Namshukuru mhandisi, ambaye nafasi yake itatangazwa. Naishukuru bajeti, popote itakapotoka. Na zaidi ya wote naushukuru mradi wenyewe, ambao kwa uwazi na uwajibikaji nisiwafiche, haupo, wala haujaandikwa hata ukurasa wa jalada, kwa sababu kamati nzima tangu iundwe ilikuwa imeshughulika na uzinduzi.

(Bi Mwatum, kutoka majini, sauti yake inafika mpaka uwanjani: "Mheshimiwa, mwakani n'takuja tena. Huo mradi wako ukichelewa, sie tuanze tu?")

Anzeni, mama. Ruhusa imetolewa. Ahsanteni sana.