Tairi la Nne

Hivi wajukuu zangu, mmewahi kumwona mtu mwenye akili timamu akikaa kitini ang'olewe jino zima, lisilomuuma, halafu akashukuru? Mimi nimemwona. Alikuwa kaka yangu, na kosa lilikuwa langu.

Kaka huyo tulimwita Mdomo Mali, kwa kuwa aliishi kwa mdomo kama mshonaji anavyoishi kwa sindano. Siku hiyo alinisindikiza kwa daktari wa meno. Pale pa kusubiria palikuwa na kabati la kioo, na ndani yake vigari vya chuma vya kuenea kiganjani: kimoja kina mkia wa samaki, kingine usukani uko katikati, kingine milango inafungukia juu. Kila kimoja kina kikaratasi chake: mfano wa gari la majaribio, lilitengenezwa moja tu, halikufika sokoni.

"Dada," kaka akaninong'oneza, "huyu bwana anapenda vitu vilivyoshindwa. Si tunavyo tele nyumbani?"

Nyumbani nilikuwa na kigari changu cha utotoni. Kaka akang'oa tairi moja la mbele kwa koleo, lililobaki akaligandisha katikati. Kupaka rangi nikapaka mimi, kwa rangi ileile ya kucha zangu, tabaka tatu, kila tabaka nalipuliza likauke, najiona msanii. Tairi lililong'olewa nikalitia mkobani. Mimi situpi kitu.

Tukarudi. Kaka akakiweka kigari mezani taratibu, utadhani yai.

"Aliyelibuni gari lenyewe alikuwa na hakika kwamba tairi la nne ni anasa tu," akasema. "Likaundwa moja. Likapinduka kona ya kwanza. Mfano wake ndio huu, daktari, na mwingine hakuna duniani."

Daktari akapiga mwayo. Mwayo wa uongo, maana macho hayakubanduka kwenye kigari. "Unataka nini?"

"Jino la dhahabu, hapa mbele. Mdomo wangu ndio duka langu, na duka halina bango."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nikavuta leso mkobani, na tairi nalo likatoka. Likadondoka, likabingirika polepole sakafuni, likaenda kusimama kwenye kiatu cha daktari. Akaliokota. Akaligeuza. Akakitazama kigari, akanitazama kucha, kisha akanirudishia kwa adabu.

"Umeangusha kifungo, mama."

"Asante, daktari," nikajibu, na moyoni nikamhurumia kwa ujinga wake.

"Basi tumekubaliana," akamwambia kaka. "Ila kwanza nitoe hilo lililopo."

Kaka akapanua mdomo kabla hajaambiwa, na jino lilipotoka akashukuru.

Wiki mbili alitabasamu, hata msibani. Wiki ya tatu jino likaanza kuwa la kijani kama bomba la shaba la zamani. Ya nne, akiwa katikati ya kumlainisha mwenye mgahawa, likachomoka likatumbukia kwenye chai ya mteja. Tangu hapo kila herufi ya s ikawa inampitia pengoni. Sasa niambieni, nani atamwamini mtu anayeapa, "Nathema kweli"? Watu walimcheka kabla hajafika kwenye bei. Mdomo ukafilisika.

Tukarudi kwa daktari, mimi mbele, kaka nyuma ameziba mdomo kwa kiganja. Kabatini, rafu ya juu, kigari changu kilikuwa kimeegeshwa vizuri, na kando yake, juu ya pamba, jino jeupe la kaka.

"Nililokupa lilikuwa jino la majaribio," daktari akasema bila kucheka. "Nilitengeneza moja tu. Naona limepinduka kona ya kwanza."

Kisha akanigeukia. "Na kile kifungo, mama, umekishona?"

Nikatazama viatu vyangu. Kaka naye akasogea mbele ya kile kioo. Mwisho akatoa kiganja mdomoni.

"Thitaki dhahabu tena, daktari," akasema. "Nataka jino langu."