Maelezo ya Kerneli Yanayoeleweka Kupita Kiasi

Makori Onyancha,
Kisii Mjini.

Kwa Wasimamizi wa Maelezo ya Kerneli,

Waheshimiwa,

MINT: KUNIHARIBIA POSA KWA KUANDIKA VIZURI

Huku mvua inanyesha, majani ya chai yanachipua, nasi tu wazima. Hofu ni kwenu, hasa baada ya mliyoyatenda.

Mimi ni mwandishi wa programu katika ofisi ya Bwana Ronak, juu ya duka la vitambaa. Kwa heshima na taadhima nalalamika kwamba mmeyaandika upya maelezo ya vile vipande vya kerneli, kile kiini cha mfumo wa kompyuta, vinavyochapisha njia ya faili, yaani anwani ya mahali faili ilipo, na sasa yanaeleweka.

1. Zamani maelezo yenu yalikuwa mstari mmoja, tena wa giza. Hayakusema kwamba njia huandikwa kuanzia mwisho wa nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu ya kompyuta, kwa hivyo anayesoma kuanzia mwanzo huambulia takataka. Ofisi nzima nilijua mimi tu.

2. Basi Phanice, mwenzetu wa meza ya dirishani, akawa ananijia. Kwetu mtu haendewi mikono mitupu, kwa hiyo alikuja na ndizi mbivu. Nilimweleza polepole. Siku nyingine nilimweleza vibaya kidogo ili arudi kesho.

3. Sasa anajisomea. Hunipita na kikombe chake kana kwamba mimi ni kabati, huku akiwasifu ninyi, msiojua hata kwao Nyamache kuko wapi!

4. Mama yangu, kule Nyacheki, kwa ajili ya ndizi zile ameshamwambia mchungaji kwamba nimepata mchumba. Kwaya ya akina mama imeanza mazoezi, na wimbo wenyewe ni wa arusi. Hauwezi kugeuzwa ukawa wa mavuno.

5. Nampenda. Hili halihusu kerneli, lakini ndilo linaloniuma.

Naomba mrudishe ule mstari wa zamani. Mkishindwa, yaandikeni upya kwa lugha ya mawakili. Mkishindwa kabisa, badilisheni kerneli yenyewe katika kompyuta zote duniani, ili maelezo yawe ya uongo. Kazi hiyo ni ndogo kuliko aibu ya mama yangu.

Nisalimieni nyumba zenu zote, wakubwa kwa wadogo, hata huyo mwenye kalamu nyepesi.

Wenu, ninayeumia kwa adabu,
Makori Onyancha

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Phanice amekuja mezani kwangu. Anasema aya yenu ya tatu, inayohusu faili iliyofutwa, imemshinda. Nimeisoma: iko wazi kabisa, hata mama angeielewa. Nilipomtazama usoni, akageukia dirisha akitabasamu. Waheshimiwa, msiguse hata nukta.