Delila Amehamia kwa Mwalimu

Jumatatu, 5 Mei

Delila hajarudi. Bakuli lake la omena, dagaa wetu wa ziwani, limejaa sisimizi. Nimeita mlangoni, nimeita kwenye migomba, nimeita hadi kuku wa jirani wakaja mbio wakidhani ni mahindi. Paka hakuja.

Nimempata baada ya chai. Wapi? Kwenye veranda ya Mwalimu Sylvanus, ng'ambo ya ua! Alikuwa anatafuna kokoto. Nikasogea. Si kokoto. Ni punje kavu za kahawia, zimekatwa umbo la samaki wadogo, ndani ya sahani ya kauri. Kauri! Mimi mwenyewe nanywea uji kwenye kikombe cha bati.

Mwalimu alinieleza, kwa ile sauti aliyoitumia paredi miaka yote kabla ya kustaafu, kwamba binti yake Ashley amemletea kutoka Nairobi mfuko mzima wa chakula maalumu cha paka. Hakumwalika Delila, alisema. Delila alijileta. Halafu akaniambia, Baba Bravin, unajua mwenyewe, mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia omena si mkono mtupu. Akatabasamu kama mtu anayesahihisha insha mbaya.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Kijijini nasema namfuga kwa ajili ya panya. Mwanamume mzima wa Ekerenyo atasemaje kwamba anampenda paka? Lakini mke wangu, Mama Bravin, yuko Nakuru tangu Januari, analea mjukuu. Alisema ni wiki mbili. Tangu hapo, mchana mvua ikianza kupiga mabati, Delila hupanda kifuani pangu na kujikunja, nami husinzia, na katika usingizi ule nyumba hii haiwi kubwa. Sasa kifua kitupu. Namkosa, basi. Na jina la Delila nilimpa mimi mwenyewe, kwa hiyo nimlaumu nani?

Mpango: nitanunua chakula bora kuliko cha Mwalimu. Delila atavuka ua kurudi, Mwalimu atabaki na sahani yake.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshuka sokoni kwa Lavender, yule binti wa duka la dawa za mifugo. Nikamwambia nataka chakula cha paka, cha kiwanda, kizuri kabisa.

Alinipa somo. Kwanza, alisema, nisome nyuma ya mfuko, nisitazame picha. Kinachoandikwa mwanzo ndicho kilicho kingi. Kiwe nyama, na nyama iwe na jina, kuku au samaki au ng'ombe. Mahindi yakitangulia, nimenunua ugali wa bei ghali. Iandikwe kwamba ni mlo kamili wa paka mkubwa. Tarehe iwe haijapita. Mfuko uwe haujafunguliwa. Na cha mbwa kisipewe paka, kwa sababu mwili wa paka unahitaji vitu ambavyo cha mbwa hakimtoshelezi.

Nilimsikiliza vizuri sana hadi aliposema picha. Hapo macho yalienda ukutani. Palikuwa na picha ya mbwa amesimama juu ya mlima, ukungu chini ya miguu yake, manyoya yanapepea. Nikamwona Delila pale. Nikauona mlima kuwa ni kilima chetu, chai imeenea kijani hadi Nyansiongo, hakuna ua wala jirani, Delila ananijia polepole juu ya majani bila kuyagusa. Sijui nilisimama vile muda gani. Lavender aliniuliza, tata, yaani baba, unaumwa?

Nikanunua kile cha picha. Cha kupimwa, kutoka kwa gunia lililo wazi. Lavender akauliza kumbe nina mbwa pia, na ana umri gani. Nikasema wa makamo. Hoja yangu ni hii: mbwa ni mkubwa kuliko paka. Kinachomshibisha mkubwa kitamshindaje mdogo?

Jioni Delila alipita kunitembelea, kama mgeni. Nikamwekea. Alinusa. Akageuka, akaanza kuparura sakafu kwa mguu, huku na huku, vile wanavyofukia mavi! Kisha akaenda zake kwa Mwalimu. Chakula wamekula kuku. Mmoja wao amesimama langoni mpaka sasa, anamtolea macho kila anayepita.

Alhamisi, 8 Mei

Mama Bravin amepiga simu. Mtoto ameota jino. Nikauliza anarudi lini, akasema jino lingine likitoka. Nikamweleza habari ya Delila. Akasema niache mambo ya watoto, paka huenda na hurudi, niende nichume chai kabla haijakomaa. Nilienda. Nilichuma kiganja kimoja nikakaa chini kufikiri. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na nikaona mambo kwa uwazi mkubwa.

Mpango mpya: kumjua adui. Nimeenda kwa Mwalimu kuazima panga. Alipoingia stoo kulitafuta, nikaingia jikoni. Mfuko ulikuwa chini ya meza, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo. Mahindi yametangulia. Sawa, mahindi si dhambi. Yakifuatwa na nini? Nyama na vitokanavyo na wanyama.

Wanyama gani? Kimya!

Nikakaa pale sakafuni nikahesabu wanyama. Kuku angejitaja. Ng'ombe angejitaja bila kuombwa. Ni mnyama gani anayefika kwa Wasabato na kuficha jina lake? Nguruwe! Nguruwe jikoni kwa Mwalimu Sylvanus, mzee wa kanisa!

Mwalimu akanikuta chini ya meza. Nikasema nimeangusha kifungo. Akatafuta nami kifungo kwa bidii, masikini, hadi magoti yakamlia. Nilitaka kumhurumia, lakini Delila alikuwa dirishani akijilamba, na sikumhurumia.

Sabato, 10 Mei

Siku kuu! Katika Shule ya Sabato kiongozi wa darasa aliuliza kama kuna swali. Nikainua mkono. Nikasema nina swali kwa niaba ya rafiki. Je, mnyama wa nyumba ya mwamini anaruhusiwa kulishwa kilicho najisi?

Darasa liliamka. Hata waliokuwa wamelala tangu wimbo wa kwanza waliamka. Dada mmoja alisema mnyama hana torati. Mwingine akasema hana, ndiyo, lakini ulimi uliolamba nguruwe ndio unaokuja kulamba mkono wa mtoto. Hapo wengi wakaguna. Kisha ndugu mmoja wa nyuma akauliza mbona paka wanakula panya, na panya ni najisi katika Mambo ya Walawi? Nilihisi ardhi ikiteleza. Ila akili ikanijia, sijui kutoka wapi. Nikasema panya anajitafutia mwenyewe, lakini cha mfukoni tunamnunulia sisi. Wakasema buya, buya, vizuri, umenena.

Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Kijiji kizima kinaijua ile sahani.

Mwalimu alisimama polepole. Akashika ubao wa kiti. Nilingoja aniteketeze. Badala yake alinishukuru! Alisema hakuwahi kusoma nyuma ya mfuko, kwamba leo atautupa chooni, kwamba ni heri jirani anayekukosoa. Nilikuwa nimekwisha kumwona Delila kifuani. Halafu akaendelea. Aliomba darasa limruhusu Ndugu Thadeus, yaani mimi, kwa kuwa ana macho makali na mzigo wa jambo hili, amsindikize Kisii Jumatatu kumchagulia chakula kilicho safi.

Amina, wakasema wote. Mmoja wao alikuwa mimi.

Jumatatu, 12 Mei

Kisii. Duka kubwa lenye taa nyeupe na hewa baridi. Usiku mzima nilikuwa nimefikiri na mpango ulikuwa rahisi: nimchagulie Mwalimu chakula kibaya kuliko vyote. Kisiwe na nguruwe, lakini kiwe kibaya. Delila akionja mara moja atafunga safari ya kurudi kwenye omena.

Lakini ile rafu! Sijawahi kuona kitu kama kile. Mifuko ya dhahabu na zambarau, imesimama safu kwa safu, inang'aa. Paka mwenye taji. Paka anayelala juu ya wingu. Samaki mwekundu anaruka mtoni wakati wa machweo, na nyuma yake milima, na juu ya milima nyota, ingawa ni machweo. Kuna mmoja wenye dirisha dogo, ndani punje nyekundu, kijani na manjano. Nilisimama mbele yake nikawa kama niko mahali pengine, mahali tulivu, mimi na Mama Bravin na Delila tumelala juu ya wingu lile na hakuna anayetuuliza habari ya chai. Mwalimu alinigusa bega.

Nikarudi kazini. Kizuri ndicho chenye picha nzuri, hilo mtoto anajua. Kwa hiyo kibaya kitakuwa wapi? Nikainamia rafu ya chini kabisa, pembeni. Mfuko wa kijivu! Hauna taji, hauna wingu, hauna hata paka, ni alama ndogo ya unyayo na maandishi, maandishi, maandishi. Kama mfuko wa saruji. Nikamwambia Mwalimu Roho ameniongoza kwa huu.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, palepale, watu wakipita na vigari vyao. Kuku, ametangulia. Ini la kuku. Samaki, kwa jina lake. Mlo kamili wa paka mkubwa. Tarehe, mwakani mwishoni.

Kila neno nililisikia kwa sauti ya Lavender. Nikamnyang'anya. Nikasema nimekosea, Roho alimaanisha huu wenye taji. Akakataa. Akasema taji ni fahari, na mahindi ndiyo yametangulia humo, akanionyesha. Tukavutana mfuko kidogo. Mlinzi akaja.

Njia nzima ya kurudi Mwalimu alinisifu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na kamba nimeiacha juu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeshindwa kuandika siku zote hizi. Delila ananawiri! Manyoya yanang'aa kama chai baada ya mvua. Kwangu alikuwa akikohoa, sasa ameacha. Macho mawili ya kijani yamekuwa makubwa, ananitazama kupitia uani kama mke wa mheshimiwa.

Nimejaribu mambo. Nilijipaka mafuta ya samaki kifuani nikajilaza. Walikuja nzi, na yule kuku wa langoni. Nilienda kwa Mwalimu kumjulia Delila hali, nikajifanya nimekuja kurudisha panga. Mwalimu alitoa kiti cha pili, akaleta chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akaniuliza habari za Bravin. Akasema tangu Ashley aolewe hana wa kunywa naye chai. Tulikaa hadi jua likaingia kwenye mikaratusi. Delila alilala katikati yetu, mkia kwangu, kichwa kwake. Palikuwa pazuri, siwezi kukataa. Niliporudi nyumbani nilikasirika kwamba palikuwa pazuri.

Lavender alipita na bodaboda akamwona paka. Akasimamisha. Akauliza nani alichagua chakula chake, maana hajaona paka wa namna hii Nyamira yote. Mwalimu akaninyooshea kidole. Lavender alisema alidhani siku ile sikuwa nasikia.

Nikasema nilisikia kila kitu. Sifa ni sifa.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imeanza baada ya chakula cha mchana. Mvua ya kweli, ya kufuta kilima, ya kufuta hata nyumba ya Mwalimu. Nilijilaza kwenye kochi. Sikuwa na mpango wowote. Hilo lenyewe ni la ajabu.

Kitu kizito kikatua kifuani.

Delila! Amelowa masikio tu. Ananuka kuku. Hakulitazama bakuli, hakunusa chochote. Alizunguka mara moja, akakanyaga shati langu kwa makucha, akajikunja, akaanza kukoroma kwa raha. Nikaelewa yote kwa pamoja. Tumbo lake liko kule na usingizi wake uko hapa. Anakula kwa Mwalimu kama mtu aliyeajiriwa mjini, na mvua ikinyesha anarudi kwao. Hakuwahi kutaka chakula changu. Alitaka kifua. Nililia kidogo, na sioni haya kuandika. Mabati yakaimba. Nikawa nazama, na nyumba ikawa ndogo, ndogo ya kunitosha, na nikamsikia Mama Bravin jikoni akigeuza ugali ingawa najua yuko Nakuru.

Ndipo wazo likaja. Wazo kubwa! Ikiwa anakuja hapa akiwa ameshiba cha Mwalimu, je, akishiba cha kwangu? Si hataondoka kamwe? Duka lile la Kisii lina rafu nzima ya juu ambayo sikuisoma. Kesho alfajiri naenda. Nitanunua mifuko miwili, wa kumlisha na wa kumwonyesha.

Nikainuka taratibu kuchukua kalamu kabla sijasahau.

Ameshuka. Alinitazama, akapita mlangoni, akavuka ua kwenye mvua ileile. Shati bado lina joto hapa kati. Hata hivyo, mpango ni mzuri sana.