Maksai wa Kijiji na Kiingereza cha Mwenyekiti

Biharamulo,
6 Machi 1979

Ndugu Katibu Kata,

Kosa wafanyalo wengi wanapotoa amri kwa Kiingereza ni kuanza na "you". Ukiwaambia maksai wawili "you go", kila mmoja anadhani ameitwa mwenzake, na plau haisogei.

Nakuandikia kwa sababu ekari sita za shamba la ujamaa, ambazo maharage yake tumewaahidi vijana wetu walioko vitani, bado ni nyasi, na mvua imeanza. Maksai wetu walizoeshwa na Pancras, aliyesoma misheni, na kila siku aliwasemesha Kiingereza. Sasa Pancras naye yuko vitani. Kiingereza kimebaki kwangu, mwalimu mstaafu, na kwa maksai.

Malalamiko yangu:

1. Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Gervasi, alipiga marufuku Kiingereza shambani. "Mwalimu, mkoloni ameshaondoka," aliniambia mbele ya watu. "Hawa ni ng'ombe wa Tanzania!" Ng'ombe wa Tanzania walimsikiliza kwa heshima, wakaendelea kucheua.

2. Baada ya wiki nzima ya kucheua, alikubali kufundishwa. Nikamweleza polepole: kitenzi kinatangulia, peke yake: "Pull." Kukataza, anza na "don't": "Don't stop." Ukiwa na adabu, ongeza "please". Na ikiwa nawe utafanya kazi hiyo, sema "let us". Hiyo ya mwisho alikataa kuiandika.

3. Jumatatu alipanda juu ya kichuguu, akapaza sauti: "You please don't pull!" Maksai wakalala. Kwa haki, walitii.

4. Naomba basi Kata ilete mtihani wa Kiingereza, wafanye Mwenyekiti na maksai wote wawili, nami nisahihishe. Atakayeshinda akalie kiti, atakayeshindwa avute plau. Niko tayari kuongozwa na mwenye pembe, mradi akiambiwa "go" anaondoka.

Nisalimie Mama Clotilda, watoto wote, na karani wako asiyejibu barua.

Ni mimi, ninayeshindana na mvua,
Mwalimu Idefonsi Ndassa

N.B. Asubuhi hii, nikiwa nanakili barua, Febronia, mama yake Pancras, amelima na maksai haohao mizunguko minne bila kutamka neno. Alitangulia mbele yao na chumvi kiganjani, kama mwanawe alivyofanya siku zote. Kile Kiingereza, anasema, Pancras alikuwa akijisomea mtihani wake tu. Chumvi iliyobaki ni ya mizunguko miwili. Mtihani uache. Lete chumvi leo.